Mtoto wa Nyoka: Nyumba za Hogwarts na Suala la Tabia

Suala la mhusika ni miongoni mwa masuala ambayo mhakiki wa riwaya hana njia ya kuyakwepa. E. M. Forster, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kiitwacho Aspects of the Novel, aliwagawa wahusika katika makundi mawili ambayo sisi katika uhakiki wa Kiswahili tumezoea kuyaita wahusika bapa na wahusika duara. Mgawanyo huo ulikusudiwa kuwa taa ya kumulikia, lakini katika madarasa yetu umegeuka kuwa kapu: mwanafunzi humtupa mhusika huyu upande huu na yule upande ule, akapiga mstari, akadhani amehakiki. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kazi moja ya kubuni ambamo kapu hilo limepewa umbo, likapewa sauti, na likakabidhiwa watoto halisi wa miaka 11. Kazi yenyewe ni zile riwaya saba za mwandishi Mwingereza J. K. Rowling kuhusu kijana Harry Potter, zilizochapishwa kati ya mwaka 1997 na 2007, na ambazo mandhari yake makuu ni Hogwarts, shule ya bweni ya uchawi iliyoko Uskoti. Katika shule hiyo kila mtoto, usiku wa kwanza kabisa, hupangwa katika mojawapo ya nyumba nne kwa kadiri ya sifa za nafsi yake. Wahenga wetu wana methali mbili juu ya jambo hili, nazo hazipatani: mtoto wa nyoka ni nyoka, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba riwaya hizi zinahubiri methali ya pili, lakini msuko wake unategemea ile ya kwanza, na kwamba gharama ya mgongano huo wanailipa watoto wa nyumba moja tu.

Kabla ya kuendelea yatupasa kusema machache juu ya maneno, maana yanayo uzito wake katika hoja yetu. Neno uchawi katika Kiswahili hubeba uovu ndani yake; mtu anayetumia nguvu zizo hizo kuponya humwita mganga, si mchawi. Kiingereza cha riwaya hizi hakina mpaka huo, na mtoto mwema wa Hogwarts huitwa mchawi bila haya yoyote. Tutalitumia neno hilo kwa kukosa jingine. Neno nyumba ni gumu zaidi. Mfasiri angeweza kuandika bweni, kwa kuwa ndiko watoto wanakolala, lakini bweni ni vitanda na masanduku tu. Nyumba kwa Waswahili ni pia watu: katika familia ya mitala, kila mke na wanawe ni nyumba moja, na kutoka hapo twafika kwenye mlango, yaani tawi la ukoo. Profesa McGonagall, anapowapokea wageni mlangoni pa ukumbi, huwaeleza kwamba nyumba zao zitakuwa kama jamaa zao muda wote wawapo shuleni. Kwa hiyo neno letu lasema kweli kuliko pengine mwandishi alivyokusudia. Kinachogawanywa pale ukumbini si vitanda. Ni nasaba.

Nyumba hizo ziliasisiwa, kwa mujibu wa hadithi, yapata miaka 1,000 iliyopita na wachawi wanne, na kila mmoja alitaka wanafunzi wa aina yake. Godric Gryffindor alitaka mashujaa. Nembo yake ni simba. Rowena Ravenclaw alitaka wenye akili. Nembo yake ni tai. Helga Hufflepuff alitaka watu wa bidii, waaminifu na wapenda haki, na nembo yake ni mnyama wa Ulaya wa jamii moja na nyegere wetu. Salazar Slytherin alitaka wajanja wenye kutamani makuu; nembo yake ni nyoka. Msomaji makini ataona mara moja kwamba orodha hii haikusawazishwa. Slytherin peke yake aliongeza sharti jingine lisilo la tabia hata kidogo: alitaka watoto wa damu safi ya kichawi, waliozaliwa na wachawi wana wa wachawi. Basi nyumba tatu zinauliza mtoto ni mtu wa namna gani, na ya nne inauliza ni mtoto wa nani. Kuchanganya tamaa ya makuu na ubaguzi wa damu katika kikapu kimoja ni uamuzi wa mtunzi, wala hakuna sababu ya kimantiki inayouunga mkono. Mtoto wa maskini asiye na ukoo ndiye aghalabu mwenye kutamani makuu kuliko mwana wa kabaila, kwa kuwa mwana wa kabaila anayo tayari.

Mgawaji ni kofia kuukuu, yenye viraka na iliyochakaa, ambayo hapo kale ilikuwa ya Gryffindor mwenyewe. Waasisi wanne waliitia akili zao ili iendelee kuchagua baada ya wao kufa. Kofia huimba wimbo mpya kila mwaka, kisha huvikwa kila mtoto kichwani, ikachungulia yaliyomo, ikatangaza. Draco Malfoy haikumgusa sawasawa kabla ya kupaza sauti kwamba ni wa Slytherin. Tom Riddle, ambaye baadaye atakuwa Voldemort, vivyo hivyo. Kwa Neville Longbottom ilikawia mno. Kwa Harry inafanya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo ufunguo wa riwaya zote saba: inamhesabia sifa alizo nazo, nayo inakuta ushujaa mwingi, na akili isiyo haba, na kipaji, na kiu ya kujithibitisha. Tafsiri ya jambo hili ni nyepesi. Karibu nyumba zote zimo katika kichwa kimoja. Na kama ndivyo ilivyo kwa mtoto aliyelelewa katika kabati chini ya ngazi, hatuna sababu ya kudhani kwamba sivyo kwa wengine. Hermione Granger naye, katika riwaya ya tano, anasema kwamba Kofia ilifikiria sana kumpeleka Ravenclaw. Kofia, basi, haisomi tabia iliyokwisha kukamilika. Inachagua moja kati ya mbegu nyingi na kuamuru kwamba hiyo ndiyo itakayotiwa maji.

Harry anaomba asipelekwe Slytherin, na ombi lake linakubaliwa. Katika riwaya ya pili, ya mwaka 1998, mwalimu mkuu Dumbledore analifanya ombi hilo kuwa msingi wa falsafa ya kitabu: kinachotudhihirisha sisi ni nani, asema, ni uchaguzi wetu kuliko uwezo wetu. Wasomaji wengi huishia hapo wakaridhika. Sisi twadhani ni lazima kuuliza uchaguzi huo ulifanywaje. Harry aliijua Slytherin kwa muda mfupi tu, na alichojua ni maneno ya watu. Hagrid alikuwa amemwambia kwamba hapakuwa na mchawi hata mmoja aliyeharibika ambaye hakutoka nyumba hiyo. Draco, aliyekutana naye katika duka la mavazi, alimchukiza kwa kiburi chake. Huo ndio ushahidi wote. Mtoto wa miaka 11 amechagua kwa kusikia, na usemi wenyewe haukuwa kweli: katika riwaya ya tatu tutakuja kujua kwamba aliyewauza wazazi wa Harry kwa adui ni Peter Pettigrew, mtu wa Gryffindor, aliyelala chumba kimoja na babake Harry. Msaliti mkuu wa riwaya hizi alitoka katika nyumba ya mashujaa. Draco naye alichagua kwa kusikia vilevile. Kabla hajaiona shule alikwisha kutangaza kwamba afadhali aiache kuliko kupelekwa Hufflepuff. Uchaguzi wa namna hii ni malezi yanayosema kwa kinywa cha mtoto.

Hapa inafaa tukumbuke mfumo huu umetoka wapi, kwa kuwa Rowling hakuubuni. Nyumba za wanafunzi, viranja, vikombe na ushindani wa michezo ni mila ya shule za bweni za matajiri wa Uingereza, na riwaya ya shule ni utanzu wenye umri mkubwa katika fasihi ya watoto ya Kiingereza. Thomas Hughes alichapisha Tom Brown's School Days mwaka 1857, akiisawiri shule ya Rugby chini ya mwalimu mkuu Thomas Arnold, aliyeiongoza kuanzia 1828 hadi 1842. Na Enid Blyton, kati ya mwaka 1946 na 1951, aliwaletea wasichana shule yake ya Malory Towers, ambamo wanafunzi wamegawanywa katika minara minne. Mfumo huohuo ulivuka bahari pamoja na wakoloni, na msomaji wa Kenya aliyesoma katika shule ya bweni hahitaji kuelezwa jinsi jina la bweni lake lilivyomshika. Lakini kuna tofauti. Katika shule za kweli mtoto hakupelekwa nyumba fulani kwa kuwa ni jasiri. Alipelekwa huko kwanza, kisha akaambiwa kwamba watu wa nyumba hiyo ni majasiri, naye akajitahidi asiwaaibishe. Rowling amekigeuza kisababishi kuwa matokeo. Amelichukua jambo linalofanywa na shule na kulitia ndani ya kichwa cha mtoto, kana kwamba lilikuwamo tangu tumboni mwa mama.

Ukichunguza maisha ya Hogwarts yalivyopangwa, utaona kwamba kazi kubwa haifanywi na Kofia bali na ratiba. Watoto wa nyumba moja wanalala pamoja, wanakula meza moja, wanahudhuria masomo pamoja, wanashangilia timu moja. Ravenclaw wanaingia chumbani mwao kwa kujibu swali linaloulizwa na kigongeo cha mlangoni chenye umbo la tai. Asiyejua jibu husubiri nje mpaka aje anayejua. Slytherin wanaishi chini ya ardhi, penye ukuta wa mawe. Hata ndugu hutenganishwa: mapacha Parvati na Padma Patil wanatazamana kutoka meza mbili, Gryffindor na Ravenclaw. Kwa upande mwingine, jamaa nzima ya Weasley ni ya Gryffindor, na ukoo wa Black ulikuwa wa Slytherin isipokuwa Sirius peke yake. Mtu angetarajia kwamba kifaa kinachopima nafsi kingetawanya ndugu zaidi kuliko hivyo. Sisi tulioshuhudia jinsi mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulivyowagawa watoto wetu katika shule za ngazi mbalimbali, tunajua kwamba mara nyingi kipimo cha akili hupima pia nyumba mtoto alikotoka, na kwamba baada ya miaka minne ya kukaa katika shule aliyopangiwa huonekana dhahiri kana kwamba alistahili kupangiwa huko.

Neville ndiye mfano bora. Katika riwaya ya kwanza ni mtoto mnyonge, msahaulifu, anayesema waziwazi kwamba hana ushujaa wa kuwa Gryffindor. Harry anamjibu kwa hoja moja: Kofia ilikuchagua. Kwa mwaka mzima Neville anaubeba uamuzi huo kama kanzu iliyomzidi urefu, hata usiku anapowazuia rafiki zake wasivunje sheria. Siku ya karamu ya mwisho Slytherin wana alama 472, Ravenclaw 426, Hufflepuff 352, Gryffindor 312, na ukumbi umekwisha kupambwa kwa rangi za Slytherin, wanaoelekea kutwaa kombe mara ya saba mfululizo. Ndipo Dumbledore anaposimama na kugawa alama za dakika ya mwisho: 50 kwa Ron, 50 kwa Hermione, 60 kwa Harry, Gryffindor wanafikia 472. Kisha 10 kwa Neville. Msomaji hufurahi, nasi tulipokisoma kwa mara ya kwanza tulifurahi. Lakini irejee karamu hiyo ukiwa umekaa meza ya kijani. Hao ni watoto waliosoma na kucheza mwaka mzima wakapata ushindi halali kwa kanuni zilizowekwa. Ushindi wao unaondolewa mbele ya macho yao, mapambo yanabadilishwa juu ya vichwa vyao, na meza tatu nyingine zinashangilia. Mtunzi hamwingii hata mmoja wao ili tujue alijisikiaje. Miongoni mwao walikuwamo wenye miaka 11 waliokuwa wamemaliza mwaka wao wa kwanza shuleni. Tendo hili moja laweza kufundisha chuki kuliko mafunzo yote ya Salazar.

Twafika sasa kwenye sifa yenyewe iliyopewa nyumba hiyo, na hapa msomaji wa Kiswahili anasimama mahali tofauti na msomaji wa Kiingereza. Ujanja katika ngano zetu si sifa ya wakubwa. Ni silaha ya mnyonge. Sungura hana pembe wala makucha, na simba, mfalme mwenye nguvu, ndiye anayetumbukia kisimani kwa upumbavu wake. Abunuwasi humshinda sultani kwa akili za namna hiyohiyo, na hadhira hushangilia kwa sababu ndani ya ujanja huo imo haki ambayo hakimu hawezi kuitoa. Msikilizaji aliyelelewa na hadithi hizi, akionyeshwa simba upande mmoja na mjanja upande mwingine, moyo wake utamwelekea nani? Rowling amempa simba moyo wa msomaji, akampa nyoka ujanja, kisha akauweka ujanja huo mikononi mwa watoto wa mabwanyenye ambao hawana shida ya kuutumia kwa kuwa wanazo fedha. Hapo ujanja umeporwa kutoka kwa mwenyewe. Wala si kwamba upande wa pili hauutumii: Fred na George Weasley ni wajanja kupindukia, na Hermione anavunja sheria za shule kwa mipango ya siri ambayo ingemfurahisha Salazar. Wao, hata hivyo, wakifanya hila huitwa mashujaa.

Tuchukue mfano wa shujaa wetu Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utenzi wake mashuhuri mwaka 1913. Liyongo ni jabali wa vita, anayeogopwa na sultani wa Pate. Lakini alipofungwa hakuvunja gereza kwa nguvu. Alimpa kijakazi Saada ujumbe wa mafumbo ampelekee mama yake, mama akaficha tupa ndani ya mkate wa makapi, naye Liyongo akakata pingu huku ngoma ikivuma nje. Kofia ya Hogwarts ingempeleka wapi mtu huyu? Ushujaa wake hauwezi kutenganishwa na hila zake, wala hila zake na ushairi wake. Jadi yetu haikuona haja ya kumgawanya. Iliona vilevile kwamba aliyemuua ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa sultani. Damu ya shujaa haikumzuia mtoto kuwa msaliti.

Ugumu wa tafsiri waja tena hapa. Sifa ya pili ya Slytherin, ile ya kutaka kupanda juu, haina neno moja la Kiswahili lisiloegemea upande. Ukiandika tamaa, umekwisha kumhukumu mtoto. Ukiandika uchu wa madaraka, umemhukumu na kumfunga. Ukiandika ari, umemsifu. Kiingereza kina neno linaloweza kusomwa kwa pande zote mbili, na kwa hakika ndani ya riwaya neno hilo huanza kama sifa na kuishia kama shtaka. Mfasiri wa Kiswahili hatakuwa na maficho hayo. Atalazimika kuamua katika ukurasa wa kwanza wa wimbo wa Kofia jambo ambalo mtunzi aliliahirisha kwa vitabu saba. Sisi tungependekeza ari ya makuu, si kwa sababu ndiyo tafsiri ya karibu zaidi, bali kwa sababu ingemrudishia mtoto anayevikwa kofia ile nafasi ya kuwa mtu yeyote.

Mtunzi mwenyewe, kadiri riwaya zinavyoendelea, anaonekana kusumbuliwa na mfumo alioujenga. Katika riwaya ya tano, ya mwaka 2003, Kofia yenyewe inaimba kwamba inahofia kuwa kazi yake ya kugawa ndiyo inayoidhoofisha shule. Katika riwaya ya mwisho, Dumbledore anamwambia Severus Snape kwamba nyakati nyingine yeye hudhani wanawagawa watoto mapema mno. Usemi huo ulikusudiwa kuwa sifa kwa Snape, mkuu wa Slytherin ambaye kwa miaka mingi alikuwa jasusi upande wa wema kwa hatari ya roho yake. Lakini utafakari. Sifa kubwa kabisa anayoweza kupewa mtu wa Slytherin ni kuambiwa kwamba huenda hakupaswa kuwa huko. Ushujaa wake haubadilishi maana ya nyumba yake, unamtoa humo. Regulus Black naye, aliyekufa akimwibia Voldemort hirizi yenye kipande cha roho yake, ameelezwa kwa namna hiyohiyo, kama mtu aliyegeuka. Mama yake Draco ndiye peke yake anayeokoa hali kwa sifa za nyumba ya nyoka: anamdanganya Voldemort usoni kwamba Harry amekufa, kwa sababu anataka kuingia ngomeni kumtafuta mwanawe. Uongo huo wa kijanja, uliosemwa kwa mapenzi ya mama, ndio uliompa Harry uhai wa dakika zile. Laiti mtunzi angeliutazama vizuri zaidi, angelikuwa na kitabu kikubwa kuliko alichokiandika.

Lakini usiku wa vita vya mwisho unafunga kesi. Voldemort anadai apewe Harry. Pansy Parkinson, msichana wa Slytherin, anataka atolewe. Nyumba nyingine tatu zinasimama kumkinga, na Profesa McGonagall anaagiza Slytherin watangulie kuondoka. Kisha msimulizi anahesabu waliobaki kupigana: Ravenclaw wakubwa kadhaa, Hufflepuff wengi zaidi, Gryffindor nusu yao. Meza ya Slytherin ni tupu. Hakuna hata mmoja. Katika nyumba nzima ya vijana, kati yao wa miaka 17 wenye ruhusa ya kubaki, hakutokea ndugu, mchumba wala rafiki wa mtu yeyote aliyeona kwamba hapa ndipo mahali pake. Mhusika mmoja tu asiye na jina, aliyebaki ameketi mwisho wa benchi, angetosha kuipa nguvu hoja yote ya uchaguzi iliyotangulia. Kweli, mwalimu wao mzee Horace Slughorn anarudi baadaye na kupambana akiwa bado katika nguo zake za kulalia. Lakini yeye ni mtu mzima na msimulizi alikwisha kumzoea. Watoto ndio waliokuwa mtihani. Rowling anajua kwamba mhusika duara huwashtua wasomaji kwa namna wanayoweza kuiamini. Aliwanyima watoto hao nafasi ya kumshtua yeyote. Draco peke yake anakaribia, anaposhusha fimbo yake mbele ya Dumbledore katika riwaya ya sita, na anaposita kumtambulisha Harry nyumbani kwao katika ya saba. Kukaribia si kufika.

Idadi ile ya Hufflepuff inastahili neno lake. Hagrid mapema kabisa anasema kwamba watu huwaona kuwa mabozi, na msimulizi anawapita kama watu wapitavyo wapishi, ambao kwa hakika ndio majirani zao, maana chumba chao kiko karibu na jikoni. Helga alikuwa mwasisi pekee aliyekubali kumfundisha kila aliyebaki na kuwatendea sawa. Nyumba ya wasiochaguliwa ndiyo nyumba pekee ya Hogwarts yenye siasa ya usawa, na ndiyo iliyotoa watu wengi vitani baada ya Gryffindor, bila kuahidiwa utukufu wowote. Cedric Diggory, kijana wao aliyeuawa katika riwaya ya nne, alikubali kugawana kombe na Harry alipoweza kulichukua peke yake. Haya yote yamo kitabuni, lakini pembeni, kama kwamba mtunzi hakutaka kuulizwa mbona shule nzima isingekuwa hivyo.

Kuna watakaotujibu kwamba tunaikaza mno hadithi ya watoto. Kwamba nyumba hizi ni fumbo la kale la mambo manne, na Rowling mwenyewe amekwisha kusema kwamba Gryffindor ni moto, Ravenclaw ni upepo, Hufflepuff ni udongo na Slytherin ni maji. Hoja hii hatuidharau. Mambo hayo manne yalisafiri kutoka kwa Wayunani hadi vitabu vya Waarabu, na kupitia vitabu vya falaki yakafika pwani yetu, ambako mnajimu hulihesabu jina la mtu pamoja na la mamake ili kujua kama nyota yake ni ya moto, udongo, upepo au maji. Lakini mnajimu hutazama nyota ili ampe mtu dawa, amweleze siku njema ya safari, amwonye juu ya ndoa. Hamhamishii nyumba nyingine. Mtu wa nyota ya moto anaendelea kula na nduguye wa nyota ya maji, na hakuna sultani aliyewahi kuwapa watu wa maji alama pungufu. Fumbo la mambo manne halidhuru mpaka lipewe meza nne.

Jambo moja zaidi latuonyesha mtunzi alivyobanwa. Katika riwaya zote saba, mtu pekee anayependekeza kwamba ugawaji ukomeshwe ni Voldemort. Asubuhi ya ushindi wake wa muda, anatangaza kwamba Hogwarts haitakuwa tena na nyumba nne, kwamba nembo ya Salazar itawatosha wote, kisha anamvika Neville Kofia na kuiwasha moto. Swali la haki limetiwa kinywani mwa dhalimu, na kwa hiyo haliwezi tena kuulizwa na mtu mwema. Neville anachomoa upanga wa Gryffindor kutoka katika Kofia ileile inayoungua, na kwa tendo hilo zuri mno kisanaa, mfumo umejitetea.

Miaka 19 baadaye treni inasimama stesheni mjini London, na Harry, sasa baba, anamsikiliza mwanawe Albus Severus akinong'ona kwamba anaogopa kupelekwa Slytherin. Baba anamweleza kwamba mmoja wa watu waliompa jina alikuwa wa Slytherin na pengine ndiye mtu jasiri kuliko wote aliowajua. Tena, Kofia huzingatia matakwa ya mtoto. Twaona kwamba hofu ni ileile, kofia ni ileile, na faraja ni njia ya kuikwepa nyumba. Riwaya inaishia hapo, treni ikiondoka kabla jibu halijatolewa. Jibu lilikuja katika tamthilia ya Harry Potter and the Cursed Child, iliyoandikwa na Jack Thorne na kuigizwa London kuanzia mwaka 2016. Humo Albus anavikwa Kofia na kupelekwa Slytherin. Rafiki yake wa pekee ni Scorpius, mwana wa Draco, na mtu anayeshindwa kuzungumza naye ni baba yake.